Tumbo moja, karata tofauti

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkusanyiko wetu wa juzi. Wengi mlikosa na mkaniomba niiweke, basi nimeiandika karibu vile vile nilivyoiongea, picha za ukutani nimeziacha maana hata siku ile zenyewe zilinigomea.

Ndugu zangu, wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyie vijana mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nimewaona. Hamjambo?

Naomba nianze na swali. Nani hapa ana ndugu wa baba mmoja mama mmoja? Nyosheni mikono. Karibu wote. Haya shusheni. Sasa nani hapa anafanana kabisa na huyo ndugu yake, yani sura, urefu, sauti, mpaka mpangilio wa meno? Namuona mmoja tu, na huyo nimeambiwa ni pacha, kwa hiyo tumuache kwanza, tutamrudia.

Sasa niambieni inakuwaje. Baba ni yule yule. Mama ni yule yule. Tumbo ni lile lile. Wahenga wamesema mtoto wa nyoka ni nyoka na mimi siwabishii, paka hazai mbuzi. Ila wahenga hawakutuambia kwa nini nyoka akiangua watoto ishirini, hao ishirini hawalingani. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja ana madoa, mwingine hana. Tofauti hiyo inatoka wapi? Nani anaitengeneza? Na ya nini?

Watu wa zamani walikuwa na jibu lao na jibu lenyewe halikuwa la kijinga. Walisema mtoto ni mchanganyiko, kama rangi. Chukua bluu ya baba, mimina kwenye njano ya mama, koroga, unapata kijani. Basi. Tatizo ni moja: ukishapata kijani hutaweza tena kuchota bluu ndani yake. Na kijani kikioana na kijani kinazaa kijani, tena na tena, kwa hiyo baada ya vizazi vichache tu viumbe wote wangekuwa rangi moja. Hebu tazamaneni humu ndani. Tumekuwa rangi moja? Tumekuwa urefu mmoja? Hata Charles Darwin mwenyewe, na akili yake yote ile, hapa alikwama, maana nadharia yake yote ya mageuzi ya viumbe ilihitaji tofauti zisiishe, na rangi ya kukoroga inazimaliza.

Aliyetoa jibu alikuwa mtawa mmoja kwenye bustani ya mbaazi. Simaanishi mbaazi za mti mkubwa, nasema zile njegere za kutambaa. Anaitwa Gregor Mendel, mji wa Brno, ambao leo uko Ucheki. Kuanzia mwaka 1856 huyu bwana alikaa miaka kama minane anapandisha njegere na njegere, kwa mkono, anapeleka chavua kutoka ua hili kwenda ua lile, halafu anahesabu. Anahesabu tu. Alichukua zenye punje za duara akazipandisha na zenye punje zilizokunjamana. Watoto wakatoka wote duara. WOTE. Ukiona hapo utasema basi mkunjo umekufa, umemezwa. Yeye hakusema hivo, alichukua hao watoto wa duara akawaacha wajichavushe wenyewe, akavuna punje 7,324, akakaa chini akazihesabu moja moja. Duara 5,474. Zilizokunjamana 1,850. Chukua simu yako ugawe: karibu tatu kwa moja kamili.

Mnaona alichokiona? Mkunjo haukufa. Ulijificha kizazi kizima ndani ya mimea ambayo kwa macho ni ya duara tu, halafu ukarudi ukiwa mzima kabisa, haujapungua hata kidogo, haujawa nusu mkunjo. Rangi haiwezi kufanya hivyo. Karata ndo zinafanya hivyo. Karata ikiwa chini ya mkono wako haionekani lakini ipo, na ukiigawa tena inatoka vile vile ilivyoingia.

Alisoma matokeo yake mbele ya watu mwaka 1865, yakachapwa 1866, na watu wakaendelea na shughuli zao. Alikufa 1884 hajui kama kuna mtu amemuelewa. Mpaka mwaka 1900 ndo wakamfukua kwenye makaratasi. Mimi kila nikiisoma habari hii nafikiria zile punje elfu saba, na mtu anayezihesabu peke yake jioni, na hakuna anayemuuliza umefika wapi.

Sasa shikeni neno karata, maana tutakuwa nalo mpaka mwisho. Karata zenyewe, ambazo wataalamu wanaziita jeni, ziko wapi? Ziko kwenye kiini cha seli, zimefungwa kwenye nyuzi zinazoitwa kromosomu. Binadamu ana 46, jozi 23, kila jozi moja ya baba moja ya mama. Na msinione naitaja hiyo 46 kirahisi hivi, kwa zaidi ya miaka thelathini vitabu viliandika 48, na wanafunzi wakaandika 48 kwenye mtihani wakapewa vema, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan kule Uswidi walipozihesabu vizuri na kutangaza mwaka 1956 kwamba jamani ni 46. Watu walikuwa wanaangalia kwenye darubini wanaona 46 lakini wanaandika 48 kwa sababu mkubwa alishasema 48. Haya.

Seli ina namna mbili za kugawanyika na hapa naomba masikio yenu yote, kwa sababu hata waliosoma baiolojia wengi walikariri majina na picha lakini hawakuambiwa kitu cha msingi, kwamba hizi namna mbili zina tabia zinazopingana. Moja inachukia tofauti. Nyingine kazi yake ni kuzitengeneza.

Inayochukia tofauti inaitwa mitosisi. Jina linatokana na neno la Kigiriki la uzi, na aliyelitoa ni Mjerumani Walther Flemming ambaye mwaka 1882 alichapisha michoro ya seli za mabuu wa salamanda, mnyama mdogo anayefanana na mjusi, alichagua salamanda kwa sababu seli zao ni kubwa na nyuzi zao zinaonekana vizuri. Aliona nyuzi zinajitokeza, zinajipanga katikati, kila uzi unapasuka kwa urefu wake, nusu inavutwa huku nusu inavutwa kule. Kila upande unapata nakala kamili. Kamili! Seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na zote zina karata zile zile. Hivi ndo ulivyotoka kwenye seli moja ukawa matrilioni. Hivi ndo kidonda kinavyofunga. Na huyu mnakili ni makini kuliko karani yeyote niliyewahi kukutana naye: ana herufi kama bilioni 6 za DNA, yani ule ujumbe ulioandikwa kwenye nyuzi zile, za kunakili, na akishamaliza kusahihisha anabakiza makosa machache sana, karibu kosa moja kwa kila herufi bilioni. Nani kati yetu anaweza kunakili hata ukurasa mmoja asikosee?

Pacha wangu pale, simama kidogo. Asante. Huyu na mwenzake walikuwa yai moja lililorutubishwa na mbegu moja, kisha kile kiinitete kikagawanyika kikawa viwili. Ni mitosisi tu hiyo. Karata zile zile mikono miwili. Ndo maana anafanana na mwenzake hivyo. Kaa, asante.

Lakini hapa nataka niweke mkwara kidogo maana kuna watu wanadhani nakala ni nakala basi hakuna kitakachobadilika. Tarehe 22 Desemba 2001, chuo kikuu cha Texas A&M huko Marekani, alizaliwa paka wa kwanza wa kunakiliwa. Wakamwita CC. Walitoa kiini cha seli kutoka kwa paka anaitwa Rainbow, paka wa madoa matatu, nyeupe, nyeusi na rangi ya chungwa. CC ana karata zote za Rainbow, hakuna hata moja iliyopungua. Akatoka na michirizi ya kijivu kahawia na nyeupe. Hana doa la chungwa hata moja! Watu wakashangaa, nakala gani hii?

Sababu ni tamu. Paka jike ana kromosomu X, moja ya zile za jinsia, mbili kama mwanamke alivyo nazo mbili, na jeni la rangi ya chungwa liko kwenye X. Sasa kila seli ya jike, mapema kabisa akiwa tumboni, inazima X moja kati ya mbili, kwa bahati nasibu, na ikishazima inawarithisha wajukuu zake wote kwa mitosisi kwamba hii imezimwa msiiguse. Alieleza hilo Mary Lyon mwaka 1961. Kwa hiyo madoa ya Rainbow ni ramani tu ya nani alizima nini. Na seli waliyoichukua kumtengeneza CC ilikuwa imezima ile X yenye chungwa, na haikuwashwa tena. Karata zile zile, ila moja imefunikwa. Basi na pacha wetu naye anajua, hata wao wana vitofauti vyao ambavyo mama yao anavijua.

Tuje sasa kwenye ile namna ya pili, na hapa ndo nitakaa. Inaitwa meiosisi. Hii haifanyiki mwilini kote, inafanyika sehemu mbili tu, kwenye korodani na kwenye ovari, na kwenye mimea ndani ya maua. Kazi yake ni kutengeneza mbegu ya kiume na yai.

Fikirini. Kama mbegu ingekuwa na 46 na yai 46, mtoto angekuwa na 92. Mjukuu 184. Kitukuu sijui angekuwa nani. Lazima mtu apunguze nusu kabla hajakutana na mwenzake. Mbelgiji Edouard van Beneden mwaka 1883 alikuwa anachunguza minyoo ya tumboni mwa farasi, wadudu ambao hakuna mtu angependa kuwachunguza, lakini minyoo ile ina kromosomu chache mno, nne tu, kwa hiyo unahesabu kwa macho. Akaona yai limeleta mbili na mbegu imeleta mbili. Nusu kwa nusu, hakuna aliyemzidi mwenzake.

Sawa, nusu. Lakini NUSU IPI? Hilo ndo swali. Mtu akikwambia nigawie nusu ya karata zako unaweza kumkatia pakiti katikati ukampa za juu. Seli haifanyi hivyo. Kila jozi inajipanga katikati ya seli kivyake, ya baba inaweza kuangalia kulia au kushoto, na jozi ya jirani haijali mwenzake kageukia wapi. Mnajuaje kama hawajali? Kuna dada mmoja wa Kimarekani, Eleanor Carothers, mwaka 1913, aliona kitu kwa panzi. Kwa kawaida kromosomu mbili za jozi zinalingana huwezi kujua ipi ni ipi. Yeye akapata panzi wenye jozi moja ambayo mmoja ni mkubwa na mwenzake mdogo, kama viatu vya saizi mbili, na hao hao panzi wana X isiyo na mwenzake. Kwa hiyo sasa ana alama mbili za kufuatilia. Akahesabu seli, hii ndogo imekwenda upande mmoja na X mara ngapi, imekwenda upande wa pili mara ngapi? Karibu nusu kwa nusu. Hawajuani kabisa. Kila jozi inarusha shilingi yake.

Jozi 23, kila moja inarusha shilingi yake. Mbili mara mbili mara mbili, fanya hivyo mara 23. Unapata 8,388,608. Yani mtu mmoja, bila kufanya kitu kingine chochote, anaweza kutengeneza aina zaidi ya milioni nane za mbegu au mayai. Halafu anakutana na mwenzake ambaye naye ana milioni zake nane. Zidisha. Inapita trilioni 70. Baba mmoja, mama mmoja, trilioni 70 za watoto tofauti, na wewe unashangaa kwa nini kaka yako hafanani na wewe? Cha kushangaza ni kwamba mnafanana hata hivyo mnavyofanana!

Na bado. Hiyo trilioni 70 ni hesabu ya mtoto mdogo, maana nimewaficha kitu. Kabla jozi hazijajipanga hazikai tu zikisubiri. Zinakumbatiana. Kromosomu ya baba na ya mama zinalala ubavu kwa ubavu, kila sehemu na mwenziwe, halafu zinakatwa, ndiyo, zinakatwa kabisa, na zinaungwa kwa kubadilishana vipande. Kipande cha babu kinahamia kwenye uzi wa bibi, cha bibi kinahamia kwa babu. Kwa hiyo kromosomu unayompa mwanao siyo uliyopewa na mama yako wala siyo uliyopewa na baba yako, mara nyingi ni mpya, imeshonwa kwa vipande vya wote wawili, na haijawahi kuwepo duniani kabla yako.

Hili nalo liliaminiwa kwanza halafu likathibitishwa baadaye, na waliolithibitisha ni wanawake wawili, Harriet Creighton na Barbara McClintock, chuo kikuu cha Cornell, mwaka 1931, kwenye mahindi. Walitafuta mahindi ambayo kromosomu yake ya tisa ina kinundu upande mmoja, na upande wa pili ina mkia mrefu uliotoka kromosomu nyingine, yani kamba yenye fundo huku na kitambaa huku. Kwenye kamba hiyo hiyo kuna jeni mbili unazoweza kuziona kwenye punje kwa macho, rangi ya punje na aina ya wanga. Hoja yao ni rahisi: kama tabia zikibadilishana, je kamba nayo itaonekana imebadilishana? Wakapandisha, wakavuna, wakaangalia punje, kisha wakaangalia darubini. Pale ambapo rangi na wanga vimeachana, fundo na kitambaa navyo vimeachana. Hadithi inasema bingwa wa mambo haya Thomas Hunt Morgan alipopita pale akaona walichonacho aliwaambia andikeni HARAKA, maana alijua Mjerumani Curt Stern yuko karibu kufika pale pale kwa kutumia nzi. Wakaandika. Wakawahi.

Akina mama, hili sasa ni lenu. Mwanaume anachanga karata zake kila siku kuanzia balehe. Mwanamke je? Mayai yake yanaanza meiosisi kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Yanakatana na kubadilishana vipande, halafu yanasimama. Yanasubiri. Miaka ishirini, thelathini, arobaini. Maana yake yai lililokuzaa wewe lilichangwa mama yako akiwa bado tumboni mwa bibi yako. Hebu kaa nalo hilo kidogo. Bibi yako amebeba mimba ya mama yako, na ndani ya hiyo mimba karata zako za upande wa mama zimeshakatwa, zinasubiri tu kugawiwa.

Kusubiri huko kuna gharama yake na sitaificha. Zile jozi zinazokaa zimeshikana miaka mingi, siku ya kuachana pengine jozi moja inagoma, zote mbili zinakwenda upande mmoja. Yai linakuwa na moja ya ziada au limepungukiwa moja. Mara nyingi mimba ya namna hiyo inatoka yenyewe mapema, mama hajajua hata kama alishika. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa wakaonyesha kwamba watoto wenye Down syndrome wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Nalitaja kwa sababu humu wamo wazazi waliowahi kuambiwa ni laana, au mama alikosea kitu. Hakukosea kitu mama. Ni jozi moja iliyogoma kuachana, kwisha habari.

Mpaka hapa tunachanganya karata tulizo nazo. Lakini karata mpya kabisa zinatoka wapi? Hapa turudi kwa yule karani wetu makini. Nilisema anabakiza makosa machache. Machache hayo ndo chanzo cha kila kitu, tunayaita mutesheni. Kila mtoto anazaliwa na herufi mpya kama 60 au 70 hivi ambazo baba hana na mama hana. Nyingi hazina neno, zinaangukia mahali pasipo na kazi. Chache zina madhara. Moja moja, kwa nadra sana, inafaa. Na akina baba msicheke sana kwenye habari ya mayai, maana makosa mengi hayo yanatoka kwetu, seli zinazotengeneza mbegu za kiume hazipumziki, zinajinakili maisha yote, na utafiti wa Aislandi wa mwaka 2012 ulionyesha kila mwaka mmoja baba anaoongeza, mtoto anaongezewa makosa mapya kama mawili. Kwa hiyo mama anasubirisha, baba anachakaza mashine. Ngoma droo.

Bakteria wao hata hawahangaiki na ndoa, wanajigawa tu wawili wawili, wengine kila dakika 20 hali ikiwa nzuri, na kwa wingi huo makosa machache yanawatosha. Ila mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum waligundua hata bakteria wanapeana vipande vya DNA, jirani kwa jirani. Ndo maana usugu wa dawa unasambaa haraka vile. Nikiingia huko hatutoki leo, tuendelee.

Sasa swali la tatu nililouliza mwanzo: ya nini? Kwa nini shida yote hii? Kujinakili ni rahisi. Hutafuti mchumba, hugawani na mtu, unampa mwanao asilimia mia badala ya hamsini. Viazi wanafanya hivyo. Migomba inafanya hivyo. Kwa nini sisi wengine tuhangaike?

Ayalandi, mwaka 1845. Watu maskini wa kule walikuwa wanaishi kwa kiazi, na sehemu kubwa ya viazi hivyo ilikuwa aina moja inaitwa Lumper. Kiazi hupandi mbegu, unapanda kipande cha kiazi. Kipande hicho ni mitosisi tupu. Kwa hiyo shamba hili, shamba lile, bonde lile, mmea wao ni ule ule mmoja uliokatwa katwa. Ukaja ugonjwa wa baka chelewa, ule ambao wengine wanauita ukungu wa viazi. Ukajaribu ufunguo wake kwenye mmea mmoja, ukafungua. Na mlango ukishafunguka mmoja imefunguka yote, kwa sababu kitasa ni kile kile. Mashamba yakaoza. Watu kama milioni moja walikufa ndani ya miaka michache na milioni nyingine hivi wakakimbia nchi. Niseme pia njaa ile ilikuwa na siasa zake, kuna chakula kilikuwa kinapakiwa melini kwenda nje wakati watu wanakufa, siyo kuvu pekee, na hata siyo kuvu wa kweli, ni kiumbe anayefanana nao tu. Lakini shamba lililo tayari kuanguka kwa siku moja lilitengenezwa na mitosisi.

Mtasema hiyo ni zamani. Haya, ndizi. Ile ndizi tamu ya kuuzwa duniani kote zamani ilikuwa aina ya Gros Michel. Ukaja mnyauko wa Panama ukaifyeka, kufikia miaka ya 1960 wafanyabiashara wameachana nayo, wakahamia Cavendish ambayo ugonjwa ule haukuiweza. Na Cavendish nayo ni nini? Nakala moja. Halafu ndugu zangu, kwa nini mgomba huo hauzai mbegu ili tupate aina mpya? Kwa sababu una seti tatu za kromosomu, 11 mara tatu, 33. Meiosisi inataka jozi. Utapangaje watatu watatu kwenye mstari wa wawili wawili? Inavurugika, mbegu haitengenezwi, ndo maana unamenya ndizi unakula bila kutema kitu. Utamu huo ni meiosisi iliyoshindwa! Na sasa imekuja aina nyingine ya mnyauko huo huo inaitwa TR4, hiyo Cavendish inaiweza. Ilianzia Asia, imeshaonekana Msumbiji mwaka 2013, Kolombia mwaka 2019. Wanaohangaika kutafuta mgomba mbadala leo, mnajua wanakwenda kuutafuta wapi? Kwenye ndizi pori, zile zenye mbegu ngumu kama changarawe ambazo hakuna anayetaka kuzila. Huko ndiko karata bado zinachangwa.

Basi nadhani mnaona sasa. Kitasa cha kila mtu ni tofauti kidogo. Mdudu akipata ufunguo wako, wangu unamgomea. Baba na mama hawajui miaka ishirini ijayo kutakuwa na ugonjwa gani, joto gani, ukame gani, kwa hiyo hawaweki hela zote kwenye namba moja, wanagawa mikono tofauti watoto watano, ili angalau mmoja awe na mkono unaocheza.

Nilipofika hapo muda ulikuwa umekwisha, wakaruhusu maswali mawili. La kwanza lilitoka kwa mzee mmoja, aliuliza kama ndugu wa damu wanashiriki nusu kamili. Nikamwambia mzee wangu, nusu ni wastani. Kuna watafiti mwaka 2006 walipima jozi zaidi ya 4,000 za ndugu, wakakuta wengine wanashiriki kama asilimia 37 tu na wengine wanafika 62 hivi. Kwa hiyo ukimuona mtoto wako mmoja anafanana na mwenzake kuliko yule wa tatu, huenda macho yako hayakudanganyi. Akatikisa kichwa, akageuka akamnong'oneza mkewe kitu, sikusikia.

La pili liliulizwa na binti mmoja kati ya wale wa karibu na mlango. Akasema, "Mwalimu, nyumbani wananiambia nimemchukua bibi mzaa baba kila kitu. Alifariki kabla sijazaliwa, sikumuona. Ni kweli au wananifariji?"

Nikamwambia kila kitu hapana mwanangu, kwa wastani ni robo. Lakini ngoja nikupe kitu. Baba yako ana X moja tu, na alipewa na mama yake, huyo bibi. X hiyo haina X mwenzake wa kukumbatiana naye, ina Y, kromosomu ya kiume, na hao wanabadilishana ncha ndogo tu. Kwa hiyo karata nyingi nyingine za baba zilikatwa na kushonwa upya kabla hazijakufikia, ila hiyo ilipita karibu nzima. X uliyopewa na baba yako ni ya bibi yako, karibu vile vile alivyompa baba yako, na kama una dada wa baba mmoja naye anayo hiyo hiyo.

Akakaa kimya kidogo. Halafu akauliza, "Na kaka yangu?"

Kaka yako hana. Yeye alipewa Y, ya babu.

Akasema, "Ngoja nimpigie sasa hivi," akatoka na simu yake, na safari hii sikumwita arudi.